Kuiondoa R-22 nchini: mwongozo kwa ofisi ya ozoni na fundi wa karakana

Nchi nyingi zinazoendelea hazitengenezi R-22, gesi ya kupozea inayomong'onyoa tabaka la ozoni. Huiagiza, na sehemu kubwa yake huishia mikononi mwa mafundi wanaojazia viyoyozi na majokofu yaliyovuja. Ndiyo maana kazi ya kuiondoa ina mikono miwili: mmoja unashika kalamu kwenye ofisi ya ozoni, yaani ofisi ya serikali inayosimamia gesi hizi, mwingine unashika spana karakanani. Ofisi ikibana vibali huku karakana zikiendelea kumwaga gesi hewani, mahitaji hayapungui, na mahitaji yasiyopata gesi halali hutafuta ya magendo. Kilo isiyovuja ndiyo kilo isiyohitaji kuagizwa. Hatua zote zilizo hapa chini zinalifuata wazo hilo.

Hatua ya 1: Jua ratiba, kisha ifanye kuwa kilo

Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kulinda tabaka la ozoni, ilipitishwa 16 Septemba 1987. Gesi za kundi la CFC, kama R-12 ya majokofu ya zamani, zilitakiwa kukoma katika nchi zinazoendelea ifikapo 1 Januari 2010. R-22 ni ya kundi la HCFC, na ratiba yake iliharakishwa mwaka 2007. Kiwango cha msingi ni wastani wa matumizi ya 2009 na 2010. Mwaka 2013 matumizi yalitakiwa kutozidi kiwango hicho. Yalipaswa kupungua kwa asilimia 10 mwaka 2015, asilimia 35 mwaka 2020 na asilimia 67.5 mwaka 2025. Kuanzia 1 Januari 2030 kinachoruhusiwa ni wastani wa asilimia 2.5 kwa mwaka hadi 2040, tena kwa kuhudumia mashine zilizokuwepo tu.

Asilimia hazimwambii mwagizaji kitu, kilo zinamwambia. Chukua nchi yenye kiwango cha msingi cha tani 400 za R-22. Kwa kuwa uwezo wa R-22 wa kumong'onyoa ozoni ni 0.055, tani hizo ni sawa na tani 22 za ODP (uzito uliozidishwa kwa uwezo huo), na hicho ndicho kipimo kinachotumika kwenye ripoti. Mwaka 2025 nchi hiyo inabaki na tani 130. Kuanzia 2030 inabaki na tani 10 kwa mwaka kwa wastani, yaani tani 100 kwa miaka kumi yote. Gawanya tani 10 kwa idadi ya viyoyozi vya R-22 vitakavyokuwa bado vinafanya kazi, ndipo utaona kama zitatosha au mafundi wataanza kuhangaika.

Makosa matatu hurudi kila mwaka kwenye hesabu hizi.

La kwanza ni michanganyiko. R-408A ina asilimia 47 ya R-22, kwa hiyo tani moja yake ni kilo 470 za R-22 ambazo lazima zihesabiwe. R-409A ina R-22 asilimia 60, na iliyobaki ni R-124 na R-142b ambazo nazo ni HCFC. Afisa asiyejua hili huona jina geni na kulipitisha bila kulihesabu.

La pili ni R-141b, ambayo hutumika kutengeneza sponji ya kuhami joto na kusafishia mabomba baada ya kompresa kuungua. Uwezo wake wa kumong'onyoa ozoni ni 0.11, mara mbili ya R-22, lakini kwa kuwa haijazwi kwenye mashine watu hawaioni kama gesi.

La tatu ni kudhani kwamba gesi iliyomo ndani ya kiyoyozi kilichoagizwa kikiwa kimejazwa huingia kwenye hesabu ya nchi. Haiingii, kinachohesabiwa ni gesi ya mitungi. Lakini kiyoyozi hicho kitavuja siku moja, na kitajazwa kwa mgawo wako.

Ripoti ya mwaka kwa sekretarieti ya ozoni hutakiwa kabla ya 30 Septemba ya mwaka unaofuata. Usisubiri Agosti ndipo uwaombe waagizaji takwimu. Waombe kila robo mwaka, ulinganishe na za forodha, na tofauti ikijitokeza uishughulikie wakati nyaraka bado zipo mezani.

Hatua ya 2: Zuia mashine kabla ya kubana gesi

Mpangilio wa sheria una uzito kuliko wingi wake. Anza kwa kupiga marufuku uingizaji wa viyoyozi na majokofu ya R-22, mapya na mitumba. Mashine moja mpya inaweza kudai gesi kwa miaka 15. Ukibana gesi kwanza na kuacha mlango wa mashine wazi, unajitengenezea deni ambalo litalipwa na fundi na mteja wake.

Kisha weka mfumo wa leseni na mgawo: kila mwagizaji anapewa kilo zake za mwaka, na kila shehena inakuwa na kibali chake. Usigawe mgawo wote Januari. Bakiza sehemu kwa ajili ya hospitali, maghala ya chanjo na vyumba vya baridi vya chakula, maana mahali hapo jokofu likisimama hasara yake haisubiri mwaka mpya.

Gesi iliyonaswa kwenye mashine za zamani na kusafishwa haiingii kwenye hesabu ya matumizi. Kila kilo inayookolewa hivyo hukaa nje ya mgawo. Kwa hiyo kituo cha kusafisha gesi si pambo la mradi. Baada ya 2030 kitakuwa kisima cha R-22 kwa mashine zitakazokuwa hai. Wafadhili kupitia Mfuko wa Kimataifa wa Itifaki hiyo wamezoea kugharimia vifaa vya namna hii na mafunzo ya mafundi, na maombi hupitia mashirika kama UNDP, UNEP, UNIDO na Benki ya Dunia.

Hatua ya 3: Mpakani, usiamini rangi ya mtungi

R-22 huingia kwa namba ya ushuru 2903.71. Wakwepaji huandika namba nyingine, au hubandika lebo ya R-134a, gesi isiyogusa ozoni, juu ya mtungi wa R-22. Afisa wa forodha anahitaji mashine ya kutambua gesi. Pale isipokuwepo, joto na shinikizo humpa dalili ya kwanza: mtungi ulazwe kivulini hadi ulingane na joto la chumba, kisha usomwe. Kwenye nyuzi 30, R-22 husoma karibu bar 10.9 kwenye geji, R-134a karibu bar 6.7, na R-410A karibu bar 17.8.

Shinikizo likikataa, shehena isimamishwe. Shinikizo likikubali, bado si ushahidi kamili. Kuna gesi bandia zinazochanganywa kwa makusudi ili zisome kama R-134a, na ndani yake huwa na R-40 (kloridi ya methili). R-40 hushambulia alumini na kuzaa kemikali inayolipuka moto yenyewe ikigusa hewa. Mwaka 2011 mafundi waliokuwa wakihudumia makontena ya baridi waliuawa na mashine zilizojazwa gesi ya aina hiyo. Mtungi wa bei ya kushangaza usiingizwe karakanani kwa sababu yoyote.

Hatua ya 4: Kunasa gesi

Hapa ndipo nchi inaposhinda au kushindwa. Fundi anayefungua nati na kuiachia gesi ipige mluzi hewani anaweza kumwaga kilo nzima kutoka kiyoyozi kimoja cha kawaida, na kesho anakwenda dukani kununua nyingine.

Vifaa vinavyotosha ni mashine ya kunasa, mtungi wa kunasia wenye vali mbili ambao tarehe yake ya kupimwa haijapita, mizani ya kidijitali, geji, hosi zenye vizibo mwishoni, na filta draya (kichujio cha kunasa unyevu na uchafu). Usitumie mtungi wa kutupwa uliokujia na gesi mpya. Haukutengenezwa ili ujazwe tena, na ukuta wake huliwa na kutu.

1. Tambua gesi iliyomo kwa kibao cha mashine, kisha kwa shinikizo ikiwa imezimwa na imepoa. Ukiwa na shaka, tumia mtungi mwingine kabisa. R-22 na gesi mbadala yake R-407C zikikutana hazitenganishiki karakanani, na mtungi mzima unakuwa taka.

2. Piga hesabu ya kiwango cha juu cha mtungi. Kimiminika kisizidi asilimia 80 ya ujazo. R-22 ya kimiminika kwenye nyuzi 25 ina uzito wa karibu kilo 1.19 kwa lita, kwa hiyo mtungi wa lita 20 hubeba kilo 19 tu: 20 × 0.8 × 1.19. Gesi iliyonaswa huja na oili ambayo ni nyepesi kuliko yenyewe, basi simama mapema, kwenye kilo 17 hivi. Mtungi uliojaa pomoni kimiminika hauna nafasi ya kutanuka. Jua likiupiga, shinikizo hupanda ghafla na mtungi unaweza kupasuka.

3. Vuta vakyumu kwenye mtungi mpya, yaani toa hewa yote iliyomo kwa pampu, kabla ya kuutumia, na toa hewa kwenye hosi. Hewa ikiingia, shinikizo la mtungi litakuwa juu kuliko jedwali linavyosema, na gesi itakayorudishwa itaipa kompresa taabu.

4. Weka filta draya kabla ya mashine ya kunasa. Kompresa ya mteja ikiwa imeungua, weka mpya kwa kazi hiyo na uitupe baadaye. Asidi ikipita humo italiharibu hata pampu lako.

5. Vuta kimiminika kwanza, mvuke baadaye. Kimiminika hutoka haraka, na kinatoka na sehemu kubwa ya uzito.

6. Geji ikishuka chini ya shinikizo la hewa, funga na subiri dakika 10. Sindano ikipanda, kuna gesi iliyolala kwenye oili. Pasha joto kidogo chini ya kompresa kwa maji ya moto, usitumie moto wa tochi, kisha endelea.

7. Pima uzito, andika aina ya gesi, kilo, tarehe na mashine ilikotoka. Mtungi usio na maandishi baada ya wiki mbili hakuna anayejua kilichomo.

Mashine ya kunasa ikijizima mara kwa mara, mara nyingi tatizo ni mtungi kupata joto. Uzamishe kwenye ndoo ya maji ya baridi. Fundi asiye na mashine anaweza kuuvuta vakyumu mtungi wa kunasia, kuuweka kwenye barafu na kuuunganisha. Utavuta sehemu ya gesi, si yote, lakini sehemu ni bora kuliko kumwaga. Mashine moja inayozunguka kati ya karakana kadhaa huleta faida kubwa kuliko mashine kumi zilizofungiwa stoo.

Kwa kiyoyozi kinachohamishwa, mafundi wengi huifungia gesi ndani ya kondensa, sehemu ya nje inayotoa joto: vali ya kimiminika inafungwa, kompresa inaendelea kunyonya, kisha vali ya mvuke inafungwa. Ni njia nzuri kwa mashine isiyovuja. Mashine inayovuja usiifanyie hivyo kamwe. Kompresa ikishuka chini ya shinikizo la hewa hunyonya hewa, na hewa hiyo ikigandamizwa pamoja na oili kwenye joto kali inaweza kulipua kompresa mbele ya uso wa fundi.

Hatua ya 5: Ziba kwanza, jaza baadaye

Kuongeza gesi kwenye mashine inayovuja ni kumwaga kwa awamu. Mteja akisema "ongeza tu kidogo", mweleze kwamba analipia gesi ileile mara nne kwa mwaka.

Baada ya kunasa, jaza naitrojeni kavu kupitia regyuleta. Mtungi wa naitrojeni hubeba bar 150 hadi 200, kwa hiyo bila regyuleta ni bomu. Usizidi shinikizo la jaribio lililoandikwa kwenye kibao. Usitumie oksijeni hata kwa sekunde moja, kwani oksijeni yenye shinikizo ikikutana na oili hulipuka. Paka povu la sabuni kwenye nati za fleya, vali za huduma na maungio yote, na tazama kwa makini palipo na doa la oili, maana oili husafiri na gesi. Kisha iache mashine saa kadhaa. Kumbuka joto: naitrojeni ya bar 20 itashuka karibu bar 0.7 hewa ikipoa kwa nyuzi 10, na huo si uvujaji. Mafundi wengi hutafuta tundu lisilokuwepo kwa sababu walipima mchana wakarudi alfajiri.

Unapolehemu, pitisha naitrojeni kidogokidogo ndani ya bomba. Bila hivyo shaba huota magamba meusi ndani, magamba hujitenga, na kapilari, bomba jembamba linalopitisha gesi, huziba mwezi mmoja baadaye. Usilehemu bomba lenye R-22 ndani: moto huigeuza kuwa asidi na gesi ya fosijeni, ambayo ni sumu.

Vakyumu inataka subira. Geji ya kawaida haiwezi kukuonyesha vakyumu ya kweli. Nunua geji ya mikroni, inayopima vakyumu kwa vipimo vidogo sana. Shuka chini ya mikroni 500, funga vali, ngoja dakika 10 hadi 15. Ikipanda polepole kisha ikasimama, bado kuna maji ndani. Ikipanda bila kusimama, kuna tundu. Penye maji, vunja vakyumu kwa naitrojeni kavu, vuta tena, rudia mara tatu. Badilisha oili ya pampu. Pampu yenye oili iliyogeuka rangi ya maziwa haishushi vakyumu hata ukingoja siku nzima.

Kisha jaza kwa uzito, si kwa kubahatisha shinikizo. Kwenye mashine ya kapilari, gramu 100 zikizidi huweza kurudisha kimiminika kwenye kompresa.

Hatua ya 6: Badala yake ni nini

Msimamo wetu ni huu: mashine ya R-22 isiyovuja iache ifanye kazi hadi mwisho wake, kwa R-22 iliyonaswa. Kuibadilishia gesi ni suluhisho la pili. La tatu, na mara nyingi bora kwa mashine kuukuu, ni kuiondoa na kuweka mpya.

Ukilazimika kubadilisha gesi, R-407C inakaribia shinikizo la R-22 lakini haipatani na oili ya madini. Oili inabidi ibadilishwe iwe ya POE, ambayo ni oili ya sintetiki, na mara nyingi unarudia mara mbili au tatu mpaka mabaki ya oili ya zamani yashuke chini ya asilimia 5. Ijaze ikiwa kimiminika, kwa sababu ni mchanganyiko. Ukiijaza kama mvuke, gesi nyepesi hutoka kwanza na mtungi unaobaki si R-407C tena. Kwa sababu hiyohiyo, ikivuja sana usijazie juu. Ipo michanganyiko kama R-422D inayovumilia oili ya madini, ila huipunguzia mashine nguvu.

R-410A usiiweke kwenye mashine ya R-22 hata siku moja. Kwenye nyuzi 45, R-22 iko kwenye bar 16 hivi na R-410A iko kwenye bar 26.

Na kabla ya kununua mashine mpya, tazama mbele. R-410A haigusi ozoni, lakini nguvu yake ya kuongeza joto duniani, ikilinganishwa na kaboni dioksidi yenye 1, ni 2088, zaidi hata ya R-22 yenye 1810. R-404A ya vyumba vya baridi ni 3922. Marekebisho ya Kigali ya 15 Oktoba 2016 yanazipunguza gesi hizi pia: nchi nyingi zinazoendelea zilitakiwa kusimamisha ongezeko lao mwaka 2024 na zipunguze asilimia 10 mwaka 2029. Nchi inayohama kutoka R-22 kwenda R-410A inahama nyumba inayobomolewa kuingia nyingine iliyokwisha kuwekewa alama. Kati ya gesi mbadala, R-32 ina 675, R-290 ina 3 hivi.

Hatua ya 7: R-290 kwa mikono iliyofundishwa

R-290 ni propani. Inapoza vizuri, inaafikiana na oili ya madini, na inashika moto. Usiijaze kwenye kiyoyozi kilichotengenezwa kwa R-22: swichi na rilei zake hutoa cheche, na hakuna aliyeipima mashine hiyo kwa ajili ya moto. Nunua iliyotengenezwa kwa R-290 kiwandani.

Hewa yenye propani asilimia 2.1 tayari inaweza kuwaka. Kwa hesabu ya haraka, chukua gramu 8 kwa kila mita ya ujazo: chumba cha mita za mraba 15 chenye kimo cha mita 2.5 kina mita za ujazo 37.5, basi kiasi kisicho na wasiwasi ni gramu 300. Kikomo halisi kinategemea kimo cha kufunga kifaa, kwa hiyo maelekezo ya mtengenezaji ndiyo ya mwisho. Mashine hizi huhitaji chini ya nusu ya uzito wa R-22, hivyo mizani yako isome gramu, si makumi ya gramu.

Wakati wa kazi, weka eneo la mita 2 hadi 3 lisilo na moto wala swichi. Kigundua gesi kilale chini, maana propani ni nzito kuliko hewa, na hukusanyika kwenye mashimo na mifereji. Kizima moto cha poda kavu kiwe karibu. Usifungue bomba kwa tochi. Nasa gesi, pitisha naitrojeni, kata kwa kikata bomba, pitisha naitrojeni tena, ndipo ulehemu. Na gesi ya kupikia si R-290. Ina butani, unyevu na dawa ya harufu, na kompresa italipia.

Mitungi ya gesi iliyochanganyika

Itabaki mitungi ambayo hakuna kituo kitakachoisafisha: R-22 iliyoingiliwa na R-134a, R-12 yenye hewa, gesi yenye asidi. Ifungwe vizibo, ipigwe chapa "MCHANGANYIKO – ISITUMIKE", iandikwe uzito na ihifadhiwe ikiwa imesimama, kivulini, mahali penye hewa. Ofisi ya ozoni ikusanye orodha hiyo kutoka mikoani mara moja kwa mwaka, kwa sababu kusafirisha gesi kwenda kuteketezwa kwa joto kali kunahitaji shehena ya kutosha na vibali vya taka hatari vya nchi zote itakakopita. Karakana isiyo na mahali pa kuipeleka mitungi hiyo itaifungua usiku, na kazi yote ya kunasa itakuwa imeishia hewani.